Kliti, na Kijiji cha Cleator

Katika kila lugha yamo maneno yenye sura moja na maana nyingi. Mswahili akisema paa, huenda ataja mnyama wa mwituni, au sehemu ya juu ya nyumba, au tendo la ndege aondokaye chini kwenda juu. Naye asikiaye hutambua maana kwa maneno yaliyotangulia na yafuatayo. Kiingereza nacho ni vivyo hivyo. Limo neno dogo, cleat, ambalo katika habari hii litaandikwa kliti. Baharia anayo kliti yake, seremala anayo yake, mchezaji wa mpira anayo yake, na mchimba makaa ya mawe naye anayo yake. Tena kiko kijiji cha Uingereza ambacho jina lake laanza kwa sauti hiyo hiyo. Yafaa kuzijua habari hizi moja moja, maana pamekuwapo mahali ambapo kulijua neno hili barabara kulikuwa jambo la uhai na mauti.

1. Kliti ya baharia

Kliti ya chombo ni kipande cha mti mgumu au cha chuma, kilichokazwa imara juu ya sitaha, au katika mlingoti, au katika gati. Kina pembe mbili, moja huku na moja huku, kama pembe za ng'ombe zilizolala. Kazi yake ni kushika kamba. Baharia stadi huipitisha kamba kwanza chini ya pembe iliyo mbali na upande inakotoka, akaizungusha mara moja chini ya pembe zote mbili, kisha akaikingamisha juu mfano wa tarakimu 8. Mwisho hupindua kitanzi kimoja, ili mkia wa kamba ulaliwe na kamba yenyewe.

Hapo hapana fundo lililokazwa. Kinachoshika ni msuguano. Kila mzunguko hupunguza nguvu inayofika kwenye mkia, hata mkono mmoja waweza kuuzuia, na chombo kizito kikatulia. Na kwa kuwa hapana fundo, kamba yaweza kufunguliwa hata ikiwa ingali inavutwa kwa nguvu.

Kufungua huku si jambo dogo. Katika mashua ndogo, demani, yaani kamba ya kuongozea tanga, ikifungwa kwa kile kitanzi cha mwisho, na upepo ukavuma kwa ghafula, baharia hukosa nafasi ya kuilegeza, na mashua hupinduka. Kwa hiyo mabaharia waangalifu huishika demani mkononi, au huizungusha tu bila kitanzi. Mashua nyingi za mashindano zina kliti ya namna nyingine: vipande viwili vyenye meno, vinavyotazamana na kusukumwa na kamani ndogo. Mtu akiivuta kamba, hupita. Tanga likiivuta, meno huiuma. Akitaka kuiachilia, huivuta kidogo na kuiinua, nayo hutoka mara moja.

2. Kliti ya seremala

Seremala hutumia kliti kutundikia kabati ukutani. Huupasua ubao kwa urefu wake, msumeno ukiwa umelazwa upande kwa pembe ya digrii 45, akapata vipande viwili vyenye ukingo wa mshazari. Kimoja hukikaza ukutani, ukingo wake ukiinamia ukuta, hata pakawa na mfereji mwembamba. Cha pili hukikaza nyuma ya kabati, ncha yake ikielekea chini. Kisha kabati huinuliwa na kushushwa polepole, ncha ikaingia mferejini. Uzito wa kabati ndio unaolivuta kwenye ukuta; na atakaye kulihamisha huliinua tu, hahitaji kung'oa hata msumari mmoja.

3. Kliti ya viatu

Wamarekani huviita kliti vile vitu vigumu vilivyo chini ya viatu vya michezo, na mara nyingi hata viatu vyenyewe. Kwa Kiswahili ni njumu. Njumu huingia katika udongo na majani, mguu usiteleze mchezaji akimbiapo au ageukapo. Tarehe 4 Julai 1954, katika mji wa Bern, Uswisi, Ujerumani Magharibi ilicheza na Hungaria katika fainali ya Kombe la Dunia. Katika mashindano hayo hayo Hungaria ilikuwa imewashinda Wajerumani mabao 8 kwa 3. Siku ya fainali mvua ilinyesha na uwanja ukawa tope. Adi Dassler, fundi wa viatu wa Wajerumani, alikuwa amewatengenezea viatu ambavyo njumu zake zaweza kufunguliwa na kutiwa ndefu zaidi. Wajerumani walishinda mabao 3 kwa 2. Si haki kusema kwamba viatu ndivyo vilivyoshinda, lakini mtu asiyeteleza ana faida juu ya atelezaye.

Waendesha baiskeli wa mashindano nao wana kliti chini ya viatu, inayonasa katika pedali, mguu upate kusukuma na kuvuta. Bernard Hinault wa Ufaransa alishinda mbio za Tour de France za mwaka 1985 akitumia pedali za namna hiyo. Mguu hutoka kwa kupeleka kisigino upande wa nje. Asiyejizoeza tendo hilo huanguka asimamapo.

4. Kliti ya makaa ya mawe

Kliti zilizotajwa hushika. Kliti ya makaa ya mawe hutenga. Ni ufa. Makaa ya mawe ni mimea ya kale sana iliyofunikwa na ardhi, ikagandamizwa na kupata joto. Ilipokuwa ikigeuka kuwa makaa ilinywea, na ardhi ikaisukuma, hata pakatokea nyufa nyembamba nyingi zilizosimama wima. Nyufa kubwa huenda mbali kwa upande mmoja. Nyufa fupi hukingama kati yake na kukoma zikutanapo nazo. Mchimbaji wa zamani, mwenye sururu tu, alizitazama kwanza. Akichimba kwa kuzifuata vizuri, makaa yalimwangukia kwa mapande. Akizipuuza, alichoka bure. Hata njia za ndani ya mgodi zilipangwa kwa kufuata mwelekeo wa nyufa hizo.

Lakini katika nyufa hizo hizo hupita methani, hewa isiyo na rangi, ambayo ikichanganyika na hewa ya kawaida kwa kadiri fulani, hulipuka ikiguswa na moto. Penye nyufa wazi makaa hukatika kwa wepesi, na hewa ya mauti nayo hupita kwa wepesi.

5. Kijiji cha Cleator

Katika Cumbria, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kando ya mto Ehen, kiko kijiji cha Cleator. Jina lake lafanana na kliti, lakini si ndugu yake. Lilitoka katika lugha ya watu wa Skandinavia waliohamia huko zamani, nalo lina neno la mwamba na neno la malisho ya mlimani. Karibu nacho ulikua, katika karne ya 19, mji wa Cleator Moor, kwa ajili ya mawe mekundu ya chuma na makaa ya mawe. Watu wengi walitoka Ailandi kuja kutafuta kazi humo.

Kilomita chache kutoka hapo iko bandari ya Whitehaven, ambayo migodi yake iliingia chini ya bahari. Mwaka 1910 mlipuko na moto katika mgodi wa Wellington uliwaua wanaume na wavulana 136. Mwaka 1947, katika mgodi wa William, walikufa watu 104. Migodi hiyo sasa imefungwa. Wapitao Cleator siku hizi ni watembeaji wanaofuata njia ya Alfred Wainwright, iliyoelezwa katika kitabu chake cha mwaka 1973, kutoka St Bees pwani ya magharibi mpaka Robin Hood's Bay pwani ya mashariki, mwendo wa kilomita zipatazo 300. Kutoka kijijini hupanda kilima cha Dent, nao huvaa viatu vyenye nyayo za kushika ardhi.

Basi, msomaji akutanapo na neno hili katika kitabu cha Kiingereza, asidhani analijua kwa kuwa amelisikia mara moja. Na aulize kwanza ni nani asemaye, na yuko katika kazi gani. Baharia akitaja kliti ataja kitu cha kutegemea. Mchimbaji wa Whitehaven alipoitaja, alitaja ufa uliompa chakula chake, naye alijua kuwa katika ufa huo huo hewa ya kumwua yaweza kumjia.