Rangi ya lebo haimalizi habari ya sumu

Mkulima anayeingia duka la pembejeo kutafuta dawa ya magugu huuliza bei, kisha huuliza kama inaua haraka. Ni wachache wanaouliza dawa hiyo itamfanya nini atakayeipulizia. Chupa mbili zinaweza kuua magugu yaleyale, lakini hatari zake kwa mtu zikapishana mno.

Glaifoseti, iliyoingia sokoni mwaka 1974, huzuia kimeng'enya ambacho mmea hukitumia kutengeneza baadhi ya asidi amino. Binadamu hana kimeng'enya hicho. Asidi hizo huzipata kwenye chakula. Magugu hufa polepole, kwa wiki moja au mbili, kwa kuwa dawa hushuka hadi mizizini.

Parakwati huchoma majani kwa saa chache tu. Hutumia mwanga ulionaswa na jani kuigeuza oksijeni kuwa kemikali kali zinazoharibu seli. Ikiingia mwilini hujikusanya kwenye mapafu, ambako oksijeni ni tele, na uharibifu huohuo huendelea. Funda moja laweza kuua, na hakuna dawa ya kuibatilisha. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2007.

Sasa tazama lebo. Utepe wa rangi ulio chini yake hufuata madaraja ya Shirika la Afya Duniani: nyekundu ni hatari zaidi, kisha njano, buluu na kijani. Parakwati imo daraja la njano, hatua moja tu juu ya glaifoseti iliyo buluu. Sababu ni kwamba daraja hupangwa hasa kwa kipimo kinachoua nusu ya panya waliopewa sumu mara moja. Rangi haisemi kama tiba ipo, wala haielezi madhara ya miaka mingi.

Kuhusu hayo ya miaka mingi, wanasayansi wenyewe wamepishana. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka glaifoseti kati ya vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu. Mwaka huohuo mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema hilo halielekei. IARC ilitegemea tafiti zilizochapishwa, zikiwamo za dawa iliyokwisha kuchanganywa na viambato vingine. Mamlaka ya Ulaya ilipima hasa glaifoseti yenyewe, na ilipokea pia tafiti za watengenezaji.

Kwa wapuliziaji wengi, njia kuu ya sumu ni ngozi. Wengi hufunga kitambaa puani huku mikono iko wazi na bomba linavujia mgongoni. Saa ya hatari zaidi ni ya kuchanganya, kabla sumu haijazimuliwa kwa maji. Glavu za mpira, buti, miwani na nguo ndefu ndiyo kinga ya kwanza. Dawa za wadudu za kundi la oganofosfati hupenya ngozi na kuvuruga mishipa ya fahamu: jasho na mate humtoka mtu, mboni husinyaa, hutapika, misuli hulegea, pumzi hubana. Dalili za mwanzo hudhaniwa kirahisi kuwa ni malaria au uchovu wa jua.

Mlaji naye hulindwa na siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna, zilizoandikwa kwenye lebo. Kuosha nyanya huondoa baadhi ya mabaki ya juu, lakini dawa iliyofyonzwa na mmea hubaki ndani.

Mtu akipatwa na sumu, mvue nguo, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, usimtapishe, na usipoteze muda kwa maziwa. Mwahishe hospitali pamoja na chupa yenye lebo. Kwa oganofosfati daktari ataandaa atropini. Kwa parakwati atakuwa mwangalifu hata na oksijeni, kwani huweza kuzidisha madhara. Tiba hutegemea kujua ni sumu gani. Kwa hiyo, usihamishie dawa kwenye chupa ya soda isiyo na lebo yake.