Kava ya indiketa ikivunjika na dukani haipo: jinsi ya kuimwaga mwenyewe nyumbani

Na Mwandishi Wetu

MKULIMA au mfanyabiashara anayetegemea gari la zamani anajua kwamba injini mara nyingi si tatizo. Fundi wa mtaani ataifungua na kuifunga hata gizani. Kinachomsumbua ni vitu vidogo ambavyo kiwanda kiliacha kuvitengeneza miaka mingi iliyopita, na kimojawapo ni kava ya indiketa, ile plastiki ya rangi ya chungwa inayofunika balbu.

Kava hiyo ikigongwa na ng'ombe, ikipasuliwa na jiwe au ikikauka kwa jua hadi kumeguka, maji na vumbi huingia ndani, holda inashika kutu na taa inakufa. Wengine huziba kwa mfuko wa plastiki, wengine hupaka balbu rangi ya kucha. Matokeo yake ni kwamba pikapu iliyobeba nyanya inakata kona jioni huku dereva wa lori la nyuma hajui inaelekea wapi. Faini ya askari wa barabarani ni hasara ndogo ukilinganisha na hiyo.

Habari njema ni kwamba kava hiyo inaweza kutengenezwa nyumbani kwa rezini, bila mashine kubwa.

Kwanza uliza dukani

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kwamba kava yenyewe kweli haipatikani. Kwa Land Rover za Series, zilizotengenezwa kuanzia 1948 hadi 1985, kava za duara bado zinatengenezwa na viwanda vya spea, na kununua ni rahisi kuliko kumwaga. Pita Kariakoo na Gerezani kwa walio Dar es Salaam, au Kirinyaga Road kwa walio Nairobi, ukiwa umeshika kipande cha zamani mkononi.

Kazi hii inalipa kwa magari ambayo spea zake zimekuwa adimu, kama Peugeot 404, iliyoanza kutengenezwa 1960, Peugeot 504 iliyoifuata 1968, malori ya Bedford na pikapu za Datsun za miaka ya 1970.

Vifaa vinavyohitajika

Unahitaji kava moja nzima ya kunakili. Inaweza kuwa ya upande wa pili wa gari lako au ya kuazima kwa jirani. Angalia vizuri: kava ya duara hufaa pande zote, lakini ile inayokunja pembe ya gari ya kushoto haifanani na ya kulia, na kila moja inataka kalibu yake.

Vingine ni silikoni ya kutengenezea kalibu (ile ya kuchanganya sehemu mbili, si ya tyubu ya kuzibia madirisha), rezini safi ya poliesta pamoja na hadina yake, rangi ya chungwa inayopitisha mwanga iliyotengenezwa kwa ajili ya rezini, udongo wa kuchezea watoto, mbao nyembamba za kisanduku, mizani ndogo na msasa wa maji.

Usichanganye rezini hii na ile ya kawaida ya faibaglasi inayotumiwa na mafundi bodi. Ile huwa na rangi yake yenyewe, na kava itatoka na ukungu.

Kutengeneza kalibu

Osha kava ya mfano kwa maji ya sabuni na uikaushe. Ziba nyufa kwa nta na ung'arishe uso wake, kwa sababu silikoni hunakili kila mkwaruzo. Kama kava ina jina la kampuni au alama ya kibali cha kiwanda, izibe kwa nta pia. Sababu tutaieleza mbele.

Jaza udongo upande wa ndani hadi usawa wa ukingo, kisha laza kava kifudifudi juu ya kitanda cha udongo, uso wa nje ukitazama juu. Zungushia kisanduku cha mbao, ukiacha nafasi ya sentimita moja kila upande. Toboa vishimo vitatu au vinne vifupi kwenye udongo. Hivi ndivyo vitakavyofanya nusu mbili za kalibu zikae sawasawa baadaye. Mimina silikoni polepole kutoka kona moja hadi ifunike kava kwa sentimita moja, na iache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo.

Kisha geuza kisanduku, toa udongo wote bila kuing'oa kava, na paka mafuta mazito ya kujipaka juu ya silikoni iliyokwisha kukauka. Silikoni haishiki plastiki, lakini hushikana yenyewe kwa yenyewe, na ukisahau mafuta hayo kalibu itakuwa jiwe moja. Mimina nusu ya pili. Ikikauka, tenganisha, toa kava na kata mfereji wa kumiminia rezini pamoja na matundu mawili madogo ya kutolea hewa sehemu ya juu.

Tahadhari moja: kama silikoni yako ni ya aina ya platinamu, udongo wenye salfa na glavu za mpira wa kawaida huizuia isikauke. Jaribu kidogo kwanza.

Rangi na kumimina

Pima uzito wa kava ya mfano. Plastiki ya kava na rezini ya poliesta iliyokauka hazitofautiani sana kwa uzito, hivyo kava ya gramu 40 itataka rezini ya kiasi hichohicho, na ongeza theluthi moja kwa inayobaki kwenye kikombe na mferejini. Hiyo ni kama gramu 55.

Weka rangi tone kwa tone kabla ya hadina. Rangi za mafuta hazifai kwa sababu zinaziba mwanga, na rangi za vyakula zenye maji huharibu ukaukaji. Mwaga kipimo kidogo chenye unene sawa na wa kava, kiache kikauke, kisha kishike mbele ya balbu inayowaka ukikilinganisha na cha zamani. Usihukumu rangi ukiitazama ndani ya kikombe. Unene ukiongezeka rangi huonekana nzito zaidi.

Hadina huwa kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito wa rezini. Fuata maelezo ya kopo. Mahali penye joto kama pwani, fanya kazi asubuhi na mapema, la sivyo rezini itaganda ukiwa bado unamimina. Koroga taratibu ili usiingize mapovu, funga kalibu kwa kamba, isimamishe na mimina kwa uzi mwembamba hadi rezini itokeze kwenye matundu ya hewa. Gonga kalibu kidogo pembeni na uiache kwa saa 24.

Ukiifungua, sugua kingo kwa msasa wa maji namba 400, halafu 800, 1200 na 2000, na malizia kwa polishi ya gari. Matundu ya skrubu yatoboe polepole na yawe mapana kidogo kuliko skrubu, kwa sababu poliesta hunywea inapokauka na ni rahisi kupasuka. Weka washa ya mpira na usikaze kwa nguvu.

Jaribu joto kabla ya safari: washa indiketa kwa nusu saa gari likiwa limesimama, kisha gusa kava. Ikilainika, hakikisha balbu haizidi wati 21 na haigusi plastiki. Ukibadili na kuweka balbu za LED joto litapungua, lakini flasha ya zamani inaweza kukataa kupepesa na itabidi ubadilishwe.

Linda macho na mapafu

Harufu kali ya rezini si ya kuvumilia. Fanya kazi nje au penye upepo, mbali na jiko na sigara. Hadina ikiingia jichoni inaweza kupofusha, kwa hiyo vaa miwani ya kinga na glavu. Hadina na kichapuzi cha kobalti kamwe visichanganywe moja kwa moja, vinaweza kulipuka. Chombo kilichotumika kwa rezini kisirudi jikoni, na makopo yakae mbali na watoto.

Sheria inasemaje

Kanuni za kimataifa za taa za magari zinataka indiketa iwe ya rangi ya chungwa na ipepese kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Kava ya nyumbani haina alama ya kibali, hivyo mwangaza wake lazima ulingane na wa zamani, pamoja na ile mistari ya ndani inayotawanya mwanga. Muulize mkaguzi wa magari wa eneo lako kabla ya ukaguzi kuliko kubishana naye siku yenyewe.

Kwa anayetaka kuuza, hapa ndipo alama ile ya kiwanda inapokuwa na uzito. Kunakili jina la kampuni au alama ya kibali ni kughushi. Kenya ina sheria ya kupambana na bidhaa bandia ya mwaka 2008, na Tanzania kazi hiyo hufanywa na Tume ya Ushindani. Uza kama kava ya kienyeji na umwambie mteja hivyo.

Piga hesabu

Silikoni ndiyo ghali kuliko vyote, na rezini huila taratibu hadi kalibu ikachanika. Kwa hiyo gawanya gharama ya silikoni kwa idadi ya kava unazotegemea kutoa, usiipachike yote kwenye kava ya kwanza. Kilo moja ya rezini, kwa gramu 55 kila moja, hutoa kava 18. Lakini zitakazoharibika wakati wa kujifunza zihesabu pia, pamoja na hadina, msasa na muda wako.

Kwa gari moja lenye kava moja iliyovunjika, gharama inaweza kuzidi faida. Ni heri wenye magari ya aina moja katika kata au soko lenu mchange fedha, mnunue silikoni moja na kutumia kalibu kwa zamu. Fundi mwenye gereji naye ana wateja wengine: wenye magari ya kumbukumbu. East African Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza 2003, ni ushahidi kwamba wapo watu walio tayari kulipia kipande ambacho duka halina.

Anza na kava rahisi, ya duara na bapa. Ukishatoa tatu safi mfululizo zisizo na mapovu, ndipo uchukue kazi ya mtu mwingine.