Mpala: ngome ya "Bwana Boma" na kichwa cha chifu kilichopelekwa Ubelgiji

Anayetoka Misisi, katika eneo la Fizi, akifuata barabara ya kusini, anaingia jimbo la Tanganyika na kufika Kalemie. Akiendelea kandokando ya ziwa kuelekea Moba, kabla ya kufika mjini anakuta kijiji cha Mpala, pale mto Lufuko unapoingia ziwani. Zaidi ya miaka 140 iliyopita mzungu mmoja alijenga ngome mahali hapo. Habari za ngome hiyo hazijaisha: mwaka 2018 zilizuka upya, safari hii mjini Brussels, kwa sababu ya mifupa ya watu waliouawa enzi zake.

Jina la kijiji ni jina la mtu. Mpala alikuwa chifu wa mwambao huo, na ndiye aliyewapokea wageni wa kwanza waliotaka kujenga kwake.

Wageni hao walitumwa na mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Mnamo Septemba 1876 mfalme aliita mkutano wa wanajiografia mjini Brussels, na hapo ikaundwa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika. Ilitangaza shabaha mbili: kuijua Afrika ya kati na kupiga vita biashara ya watumwa. Watu wake walipita Zanzibar na Tabora, na mwaka 1879 kapteni Ernest Cambier akajenga kituo cha kwanza huko Karema, upande wa mashariki wa ziwa, ambao leo ni Tanzania.

Mnamo Mei 1883 luteni Émile Storms alivuka maji kutoka Karema akatua kwa chifu Mpala. Wawili hao walichanjiana, wakawa ndugu wa damu kwa desturi ya nchi. Kwa wenyeji, undugu wa namna hiyo ulimfunga kila mmoja kumsaidia mwenzake. Kwa Storms ulikuwa mlango. Juu ya udongo wa ndugu yake alijenga jumba kubwa la kuta nene za matofali ya udongo, akaweka askari wa kukodi waliojulikana kama rugaruga. Watu wakampa jina: Bwana Boma.

Fizi nayo ilipata wageni wake siku zile. Mapadri Weupe waliotumwa na kardinali Lavigerie walikuwa wamefika Masanze mwaka 1880, na mwaka 1883 wakafungua misioni ya Kibanga, upande wa Ubwari. Mwambao wote, toka Baraka hadi Marungu, ulikuwa ukitikiswa na jambo moja: misafara ya pembe na watumwa iliyovushwa kwenda Ujiji. Kila mwenye boma na bunduki alijiita mlinzi wa watu.

Usiku wa Lusinga

Juu ya milima, mbali kidogo na Mpala, alikaa chifu mwingine wa Watabwa, Lusinga lwa Ng'ombe. Mskoti Joseph Thomson, aliyepita kwake mwaka 1879, aliandika habari zake kama za mtawala mkali. Lusinga hakuwa mtu mpole. Alishambulia vijiji jirani, akauza watu na pembe, akapata baruti. Lakini alikuwa pia mtawala mwenye mahali pake na heshima yake, na hakuona kwa nini ainame mbele ya mgeni aliyejenga pale chini ziwani.

Ndugu wawili wa udongo mmoja wanaweza kugombana na kupatana. Storms hakutafuta kupatana. Tarehe 4 Desemba 1884 aliwatuma rugaruga wake mlimani. Walimuua Lusinga, wakamkata kichwa, wakamletea Bwana Boma ngomeni. Kijiji kiliteketezwa na watu wakachukuliwa mateka. Wiki hizo hizo wakubwa wa Ulaya walikuwa wameketi Berlin, katika mkutano ulioanza Novemba 1884, wakizungumza pia juu ya kukomesha utumwa wa Afrika.

Storms alilihifadhi fuvu la Lusinga. Aliyahifadhi pia mafuvu ya wakubwa wengine wawili, Mpampa na Maribu. Pamoja nayo alichukua sanamu ya mti ya ukoo wa Lusinga, iliyobeba kumbukumbu ya mababu na haki ya utawala wake. Kwa Mtabwa wa siku zile, aliyepoteza kichwa cha chifu na sanamu ya ukoo alikuwa amepoteza mwanzo na mwendelezo wa nyumba yake.

Ngome yabadilisha wenyewe

Ushindi wa Bwana Boma haukudumu hata mwaka. Baada ya Berlin, Leopold aligeuza macho yake kwenye mto Kongo na bahari ya magharibi, akaviacha vituo vya Tanganyika. Katikati ya mwaka 1885 Storms aliitwa kurudi nyumbani, na ngome ya Mpala ikakabidhiwa Mapadri Weupe, padri Moinet akiwa mmoja wa walioipokea. Nyumba iliyotoka rugaruga kwenda kuua sasa ikawa nyumba ya sala.

Bunduki hazikuondoka. Mnamo Machi 1887 alifika Mpala mfaransa Léopold Joubert, aliyekuwa zamani askari wa Papa. Aliunda kikosi cha wenyeji, akawapokea watu waliokimbia, na kwa miaka kadhaa akapambana na wafanyabiashara wa utumwa waliotoka upande wa Ujiji kwa Rumaliza. Alimuoa mwanamke wa nchi na hakurudi tena Ulaya. Alifariki mwaka 1927 karibu na Baudouinville, ambayo leo ni Moba.

Mwishoni mwa 1891 kapteni Jacques alifika na msafara mwingine akaanzisha Albertville, Kalemie ya leo. Rumaliza alishindwa vitani mwaka 1894. Tangu hapo uongozi na biashara vilihamia miji mipya, na Mpala ikabaki kijiji. Lakini ilizaa kitu kingine: shule. Kijana mmoja wa Marungu aliyepitia mafundisho ya mapadri huko Mpala, Stefano Kaoze, alipewa upadri mwaka 1917, akawa padri mwenyeji wa kwanza wa Kongo ya Wabelgiji. Ni yeye pia aliyeandika juu ya mawazo na desturi za watu wake, wakati ambapo walioandika habari zao karibu wote walikuwa wageni.

Mifupa inayongoja

Storms alikufa mwaka 1918 akiwa jenerali, na sanamu yake ikasimamishwa katika bustani ya Ixelles, mjini Brussels. Katika miaka ya 1930 mjane wake alitoa vitu vyake kwa jumba la makumbusho la Tervuren. Sanamu ya Lusinga ikawekwa hapo. Mafuvu yaliishia katika Taasisi ya Kifalme ya Sayansi ya Asili, mjini Brussels.

Mwaka 2018 mwandishi wa habari wa Ubelgiji alifuata njia ya mafuvu hayo, akaonyesha kwamba fuvu la Lusinga lilikuwa bado limehifadhiwa katika taasisi hiyo. Habari ilifika Kongo, na sauti za watu wa ukoo wake zikasikika zikidai arudishwe. Juni 2022 sanamu ya Storms iliondolewa bustanini Ixelles. Mwezi huo huo familia ya Patrice Lumumba ilikabidhiwa jino lake, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake. Mwaka huo pia Ubelgiji ilipitisha sheria ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni. Sheria hiyo inahusu vitu; mabaki ya watu haiyagusi.

Kwa hiyo sanamu ya Lusinga ina mlango katika sheria, lakini kichwa chake hakina.

Huenda mtu wa Misisi akauliza haya yote yanamhusu nini, yeye anayeamka kila siku kutafuta dhahabu. Yanamhusu. Mpala ilianza kwa mgeni mmoja kupatana na chifu mmoja juu ya kipande cha udongo, kila mmoja akiwa na maana yake moyoni. Waliokaa mlimani hawakuulizwa, na ndio waliolipa. Katika nchi ambayo watu bado wanafika kila siku kutafuta kilicho chini ya udongo, swali la nani alikubali, kwa niaba ya nani na kwa maana gani, halijazeeka.

Mpala yenyewe imebaki na jina la aliyewapokea wageni. Jina la Bwana Boma limebaki kwa wanaosoma historia. Lusinga, aliyekataa, bado anangoja kaburi lake.