Tasnifu Ikiwa Kitabu: Usemi wa Wabajuni Wahifadhiwa

Askari wa doria anapomhoji mtu ufukoni husikiliza maneno, na pia matamshi yake. Kwa Mbajuni, «juu» ni «yuu». Na jina la Kisimayu wazee hulifasiri kuwa ni kisima cha yuu. Asiyejua hayo aweza kumdhania mgeni mtu aliyezaliwa Koyama, Chovai au Chula.

Maarifa ya namna hii mara nyingi huanzia katika tasnifu, na mengi hubaki humo, yamefungiwa kabatini. Mwaka 1973 Thomas Hinnebusch alitoa tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, juu ya viambishi na mabadiliko ya sauti katika lugha za Kibantu za pwani ya Kenya. Tasnifu huandikiwa watahini wachache, na mwandishi hujitetea kila hatua. Kitabu hutaka zaidi: utetezi upunguzwe, uwanja upanuliwe. Hinnebusch akaungana na Derek Nurse, wakalinganisha Kiswahili na lahaja zake, Kibajuni kikiwamo, pamoja na Kimijikenda, Kipokomo, Kielwana na lugha za Komoro. Kitabu chao, chenye kurasa zaidi ya 700, kilitoka mwaka 1993. Ilikuwa imepita miaka 20.

Miaka miwili kabla yake, mwaka 1991, serikali ya Siad Barre ilianguka. Wabajuni wengi walivikimbia visiwa vyao kwa mashua hadi Kenya, na baadhi wakafika Uingereza kuomba hifadhi. Huko usemi wao ukawa ushahidi mbele ya maofisa wa uhamiaji. Yaliyokusanywa kwa ajili ya elimu yakaweza kumwokoa mtu au kumrudisha alikotoka. Yafaa tukumbuke, hata hivyo, kwamba mtoto aliyelelewa ukimbizini Mombasa husema kama wenzake wa Mombasa. Matamshi peke yake hayatoshi kumhukumu mtu, kama vile alama moja ya mguu isivyotosha kumtia mtu hatiani.

Kitabu hicho kiliandikwa kwa Kiingereza. Na kile cha Grottanelli juu ya wavuvi wa Kibajuni, cha mwaka 1955, kwa Kiitalia. Kwa maoni yetu, safari iliyoanza katika tasnifu itatimia siku mvuvi wa Chula atakapoisoma habari ya usemi wake kwa Kiswahili, na askari anayemhoji akawa ameisoma pia.