Mraba na Jamaa Zake

Majuzi, nikisahihisha madaftari, nilikuta mwanafunzi ameuita mraba mstatili. Nilipomwita nimwulize sababu, alinijibu bila kusita: "Mwalimu, majina hayo ni ya Kiarabu. Hayana maana, mtu huyakariri tu." Jibu hilo lilinikera, kisha likanifikirisha. Ni nani aliyemfunza hivyo ila sisi walimu wake?

Ni kweli kwamba mraba asili yake ni Kiarabu, murabba', yaani kilichofanywa kuwa nne. Lakini neno hili halikuja peke yake. Nne kwa Kiarabu ni arba'a, na kutokana na shina hilo hilo tumepata robo, sehemu moja ya nne. Arobaini, makumi manne. Na tarbia, shairi lenye mishororo minne katika kila ubeti. Hata mwarobaini, mti ambao wazee husema hutibu maradhi arobaini, ni wa ukoo huo.

Mstatili nao watokana na mustatil, kilichorefuka. Basi majina yenyewe yalikuwa tayari kumtofautishia mwanafunzi wangu maumbo hayo mawili. Hata hivyo, tusiichukue asili ya neno kuwa ndiyo fasili yake. Mstatili pia una pande nne, na mraba kwa asili hausemi lolote kuhusu usawa wa pande. Usawa huo ni maana iliyowekwa na wanahisabati.

Wako wasemao tuyatupe maneno haya, tuunde mengine mfano wa pembetatu. Pembetatu ni neno zuri, kwani kila mtoto anaijua pembe ya ng'ombe na pembe ya chumba. Lakini tukiung'oa mraba kwa sababu ya asili yake, itatubidi tuing'oe robo na arobaini pia. Je, tutahesabuje?

Kasoro, kwa maoni yangu, imo katika ufundishaji wetu. Leo twafunza akisami, kesho maumbo, mwezi ujao bahari za ushairi, na kila somo lina orodha yake ya kukariri. Mwanafunzi huyaona maneno kama wageni waliokutana njiani, kumbe ni ndugu wa toka nitoke.

Walimu wenzangu, tuwajulishe wanafunzi ukoo wa maneno. Anayelijua neno kwa jamaa zake halisahau upesi.