Modeli za Maji ya Kilimanjaro na Haki ya Kuzihoji

Maamuzi mengi kuhusu maji ya bonde la mto Pangani, lenye eneo la takriban kilomita za mraba 43,000, hufanyika Moshi, yaliko makao makuu ya Bodi ya Maji ya bonde hilo. Waamuzi wana kazi ngumu, kwa sababu maji yaleyale yanadaiwa na watu wengi. Juu, katika vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, vya Kibosho, Marangu na Kirua Vunjo, kuna mifongo, mifereji ya jadi iliyochimbwa na Wachagga vizazi vingi kabla ya kuwepo kibali cha serikali. Chini yake kuna mji wa Moshi unaotegemea chemchemi, mpunga wa Mabogini na Chekereni, na miwa ya TPC kule Arusha Chini. Kisha mito ya Kikuletwa na Ruvu humwaga maji yake katika bwawa la Nyumba ya Mungu, nayo yakitoka hapo yanasubiriwa na mitambo ya umeme ya Hale, yenye uwezo wa megawati 21, na ya New Pangani Falls, yenye megawati 68. Siku hizi kompyuta inaweza kuyaweka madai yote haya katika hesabu moja, na mifumo ya akili mnemba inaahidi hata kupendekeza mgawo. Hoja ya makala haya ni kwamba hesabu hizo zinahitajika, na zinahitajika haraka, ila zinafaa kwa masharti mawili: zionyeshe wazi nani anapata na nani anakosa katika kila chaguo, na zijengwe kwa namna ambayo mwenye mfongo anaweza kuzihoji.

Modeli ya maji ni daftari la mapato na matumizi lililoandikwa kwa kanuni za hisabati. Upande wa mapato kuna mvua, chemchemi na maji ya mtoni. Upande wa matumizi kuna mimea, watu, viwanda, mvuke unaopanda angani na maji yanayozama ardhini. Programu kama SWAT, iliyotengenezwa Marekani, hukadiria mvua iliyonyesha mlimani itafika mtoni kwa kiasi gani na lini. Nyingine kama WEAP, ya Taasisi ya Mazingira ya Stockholm, hupima nani atapata nini kanuni fulani ya mgawo ikitumika. Tuchukue mfano wa kubuni. Mto una lita 300 kwa sekunde mwezi Oktoba, kabla ya vuli. Mfongo wa juu unachukua lita 150. Kati ya hizo, 100 zinafika migombani na 50 zinavuja njiani. Skimu ya mpunga ina kibali cha lita 250, lakini inakuta 150 tu mtoni. Mji unakunywa lita 50 za chemchemi, ambazo ni yale maji yaliyovuja kutoka mfongoni. Sasa mfadhili anakuja kuusakafia mfongo kwa saruji ili maji yasipotee. Mfongo unachukua lita 100 tu, zote zinafika shambani, na ripoti ya mradi inatangaza kuokoa theluthi nzima. Mtoni zimebaki lita 200, na skimu inazichukua zote. Chemchemi ya mji imekauka. Jumla ya maji yaliyotumika ni lita 300 kabla ya saruji na lita 300 baada yake; hakuna hata lita moja iliyookolewa, zimehamishwa tu lita 50 kutoka kwa mji kwenda kwa mpunga. Meneja anayetazama mfereji mmoja hawezi kuliona jambo hili. Modeli inayotazama mteremko mzima inalionyesha kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujafunguliwa.

Hata hivyo, daftari hilo linaweza kusema uongo kwa unyofu kabisa, na ushahidi uko Moshi yenyewe. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa mkopo na utaalamu wa Japani na kukamilika mwaka 1987, ulipangwa kwa uangalifu mkubwa: takriban hekta 2,300, na kati ya hizo kama 1,100 za mpunga, zikimwagiliwa kwa maji ya mito ya Rau na Njoro. Kwa upande wa kilimo ulifaulu sana, mavuno ya mpunga yakafika karibu tani 6 kwa hekta, mara kadhaa ya yale ya awali. Mafanikio hayohayo ndiyo yaliyoutia mradi matatani. Wakulima waliokuwa juu ya mabanio, nje ya mipaka ya mradi, waliona faida ya mpunga, wakalima mpunga wao na kuyachepusha maji kabla hayajafika kwenye mifereji mikuu. Miaka michache baadaye skimu ilikuwa ikimwagilia eneo dogo kuliko lililokusudiwa. Wahandisi hawakukosea kupima mto. Hesabu yao ilikosa kitu kimoja: jirani mwenye macho, mwenye jembe, na mwenye haki yake ya zamani juu ya mto uleule. Modeli inayowachukulia watu kama matumizi yasiyobadilika haiwezi kutabiri mabadiliko ambayo yenyewe imeyasababisha.

Mfano wa pili uko kileleni. Mwaka 2002 mwanasayansi Lonnie Thompson na wenzake walichapisha katika jarida la Science kwamba barafu ya Kilimanjaro, iliyokuwa na eneo la takriban kilomita za mraba 12 mwaka 1912 na kubakia 2.6 mwaka 2000, ingetoweka kati ya 2015 na 2020 iwapo hali ingeendelea vilevile. Miaka hiyo imepita na mabaki ya barafu bado yapo, ingawa yanazidi kupungua. Mwelekeo ulisomwa sawasawa. Kosa lilikuwa letu tuliochukua kadirio lenye masharti tukaligeuza kuwa tarehe ya miadi. Na kwa meneja wa maji kuna somo zito zaidi. Barafu ile si tegemeo la mito yetu. Inakadiriwa kwamba asilimia 96 ya maji yanayotiririka kutoka mlimani hutokana na ukanda wa msitu, ambako mvua ni nyingi na ukungu hunaswa na miti. Miaka iliyotumika kuililia barafu ni miaka ambayo moto uliendelea kuula msitu wa juu. Kwa hiyo modeli inaweza kuwa sahihi katika jambo inalolipima na bado ikampoteza mwamuzi, kwa kumwelekeza atazame mahali pasipo na uamuzi wa kufanya.

Je, matumizi mazuri yako wapi? Tathmini ya mtiririko wa maji ya bonde la Pangani, iliyofanywa na Ofisi ya Bonde kwa kushirikiana na shirika la uhifadhi la IUCN katika muongo wa kwanza wa karne hii, inatupa kielelezo. Wataalamu hawakutoa jibu moja. Walipanga hali kadhaa za kukisia: kilimo kikipewa kipaumbele itakuwaje, umeme ukipewa kipaumbele itakuwaje, mto ukirudishiwa sehemu ya maji yake itakuwaje, na tabianchi ikibadilika itakuwaje. Kisha kila hali ikapimwa kwa afya ya mto, kwa kipato cha watu na kwa uchumi, hadi mlangoni mwa bahari. Ndani ya hesabu hiyo waliingia hata wavuvi na wafugaji wa kinamasi cha Kirua. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilipojengwa katika miaka ya 1960 lilizuia mafuriko yaliyokuwa yakikinywesha kinamasi hicho kila mwaka, kikasinyaa, na hasara yao haikuwekwa katika bei ya umeme. Hapa ndipo modeli inapotimiza kazi yake: inampa sauti asiyekuwepo kikaoni, na inamlazimisha mwenye kuamua aeleze mbele za watu kwa nini amechagua hasara hii badala ya ile.

Wapo watakaosema kwamba takwimu zetu ni haba mno kwa kazi hii. Vituo vya kupimia mito ni vichache, vingine vina miaka mizima isiyo na kumbukumbu, na mifongo mingi haijawahi kupimwa. Ni kweli. Lakini mgawo hausubiri takwimu. Unafanyika kila kiangazi, kwa takwimu au bila takwimu. Tofauti ni kwamba anayeamua kwa kukisia kichwani hawezi kukaguliwa, na aliyeandika makisio yake anaweza. Zaidi ya hayo, setilaiti zimeziba sehemu ya pengo. Watafiti wamekwisha kukadiria mvuke unaopotea katika Pangani ya juu kwa njia iitwayo SEBAL, inayosoma joto la uso wa ardhi kutoka angani, bila kumwuliza mtu kama ana kibali au hana. Njia hiyo nayo ina mipaka ambayo mtu wa mlimani ataitambua mara moja: mteremko wa kusini hufunikwa na mawingu siku nyingi, na kihamba kina tabaka juu ya tabaka, miti mirefu, kisha migomba, kisha kahawa, na chini kabisa mboga na viazi. Jicho la angani huona paa tu. Ndiyo maana matokeo yaandikwe kwa upana wake, kutoka kiasi hiki hadi kiasi kile. Tarakimu moja iliyonyooka inaficha shaka ambayo mwamuzi anapaswa kuibeba, na upana huo ukiwa mkubwa mahali fulani, hapo ndipo fedha ya kituo kipya cha kupimia iende kwanza.

Wengine watasema wazee wa mfongo hawahitaji kompyuta, kwani wamegawa maji kwa zamu, kwa siku na kwa saa, na wametoza faini kwa aliyekwepa kazi ya kusafisha mfereji. Utafiti wa mtaalamu aitwaye Gillingham uliofanyika Kirua Vunjo na kuchapishwa mwaka 1999 uliwapa haki yao: ulionyesha kwamba pamoja na kanuni rasmi za mfongo kuna kanuni za utendaji, zinazotoa nafasi ya kuombana na kuelewana, na kwamba mfumo unaishi kwa unyumbufu huo. Hoja hii nina heshima nayo kubwa, na inanifanya nidai kwamba kanuni za zamu ziingizwe ndani ya modeli kama zilivyo, badala ya lita kadhaa kwa sekunde zilizoandikwa kwenye kibali kana kwamba mto wa Mei na mto wa Oktoba ni mmoja. Lakini ujuzi wa mzee unaishia pale anapoweza kufika kwa miguu. Hakuna mzee wa Kibosho anayeona kinachotokea Hale, wala mhandisi wa Hale anayejua zamu ya Kibosho. Hesabu ya pamoja inahitajika hasa pale ambapo watu wanaoumizana hawafahamiani.

Kuna kishawishi kipya, nacho kinatoka upande wa pili: kwamba akili mnemba ikabidhiwe kazi yote, ijifunze kutokana na kumbukumbu za miaka iliyopita na itoe mgawo wenyewe, haraka na bila rushwa. Mifumo ya namna hii inafaa sana kwa kazi fulani. Inaweza kuziba siku zilizokosekana katika kumbukumbu za kituo, kutambua mashamba ya mpunga katika picha za setilaiti, na kuonya siku kadhaa mapema kwamba mto unajaa. Kwa kugawa haki, hapana. Mfumo hujifunza kutokana na kilichoandikwa, na kilichoandikwa ni vibali. Mwenye mfongo asiye na kibali hayumo katika kumbukumbu; mbele ya mashine yeye ni uvujaji tu, na mashine itashauri uvujaji uzibwe. Vilevile mwaka wa ukame usio na mfano hauwezi kufundishwa na miaka ya kawaida. Na mgawo ukimuumiza mtu, lazima awepo wa kujibu. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilikwisha kupanga vipaumbele, mahitaji ya msingi ya binadamu kwanza, kisha mazingira, kisha shughuli nyingine. Kanuni hiyo waliiweka watu, na utekelezaji wake lazima ubaki mikononi mwa watu wanaoweza kuitwa kikaoni na kuulizwa.

Hofu kwamba viongozi watajificha nyuma ya kompyuta na kusema “mfumo umekataa” ni hofu ya haki, na dawa yake ni ya kiutaratibu kuliko ya kiufundi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imezitambua Jumuiya za Watumia Maji. Basi kabla modeli yoyote haijatumika kugawa maji ya mito ya Kilimanjaro, makisio yake makuu yaandikwe kwa Kiswahili katika kurasa chache na kusomwa mbele ya jumuiya hizo: mfongo huu tumeukadiria unachukua kiasi gani, tumedhani kiasi gani kinavuja, na kinatokea chemchemi ipi. Atakayesema “si kweli, maji ya hapa hutokea kule” apewe siku ya kwenda kuonyesha, na hesabu irekebishwe kwa jina la kijiji chake. Kisha, kila mwaka mvua za vuli zikishaanza, mgawo uliotabiriwa uwekwe kando ya maji yaliyopatikana kweli, mfereji kwa mfereji, na tofauti itangazwe. Kazi hiyo haihitaji teknolojia ambayo haipo Moshi leo. Inahitaji bodi iliyo tayari kuonyesha hesabu zake, na inafaa ianze na mto mmoja. Rau ungefaa kuwa wa kwanza, kwa kuwa hapo ndipo hesabu iliyowasahau majirani ilipogharimu zaidi.