Hesabu Iliyo Chini ya Kizibo cha Soda

Promosheni za soda zenye zawadi chini ya kizibo hurudi nchini Kenya kila baada ya muda, na hufika hadi vioski vya Langas na Kipkenyo katika eneo bunge la Kapseret. Mnunuzi hufungua chupa akatazama: kuna soda ya bure, herufi ya kukusanya ili neno litimie, au hakuna kitu. Thamani ya bahati hiyo inaweza kupigiwa hesabu kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Tuseme soda ni Sh50 na kizibo 1 kati ya 10 kina soda ya bure. Kwa wastani, ni kama mnunuzi anauziwa chupa kwa takriban Sh45. Nafuu hiyo si haba, ila wastani haumwahidi mtu chochote. Katika kila watu 100 wanaonunua chupa 10 kila mmoja, karibu 35 hawatapata hata soda moja ya bure. Wala chupa ya 11 haina deni nao. Uwezekano wake unabaki 1 kati ya 10.

Kukusanya herufi ni kugumu zaidi. Neno likiwa na herufi sita tofauti, zote zikichapishwa kwa idadi sawa, chupa ya kwanza huleta herufi mpya bila shaka. Herufi ya pili huhitaji wastani wa chupa 1.2, ya tatu 1.5, ya nne 2, ya tano 3, na ya mwisho 6. Jumla ni chupa 14.7, yaani Sh735.

Jambo hili laweza kuigwa mezani kwa dadu. Kila uso huwakilisha herufi moja. Dadu hurushwa hadi nyuso zote sita zionekane, idadi ya mirusho huandikwa, kisha zoezi hurudiwa mara nyingi. Matokeo hutawanyika: wachache humaliza mapema, na karibu 15 katika kila 100 huvuka mirusho 20. Kompyuta hufanya kazi hiyo maelfu ya mara kwa sekunde chache. Mbinu hii ya kuiga bahati kwa kompyuta ilibuniwa na mwanahisabati Stanislaw Ulam mwaka 1946 alipokuwa akitafakari mchezo wa karata.

Mara nyingi, hata hivyo, herufi hazilingani kwa wingi. Ikiwa moja hupatikana katika kizibo 1 kati ya 1,000, wastani wa kuipata ni chupa 1,000, sawa na Sh50,000. Hata baada ya kuzinunua zote, watu 37 kati ya 100 bado watakuwa wakiitafuta. Aliyekwisha kupata herufi tano hudhani amekaribia, kumbe safari yote iko mbele.

Idadi hizo hupangwa kiwandani, na kosa huko ni ghali. Nchini Ufilipino mwaka 1992, Pepsi ilitangaza namba 349 kuwa ya ushindi wa hadi peso milioni 1, kumbe ilikuwa imechapishwa kwenye vizibo vipatavyo 800,000. Ghasia zilizuka na watu wakafa.

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike na bidhaa. Habari ya kuulizia hapa ni moja: herufi iliyo adimu imechapishwa kwenye vizibo vingapi? Jibu lisipopatikana, soda na inunuliwe kwa kiu tu.